Usiniulize ni nyeusi kiasi gani

"Mwalimu, hebu cheki. Hii ni nyeusi ya kutosha?"

Nimeulizwa hivyo mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila aliyeuliza alifanya kitendo kile kile: aliinua miwani, akaielekeza juani, akafumba jicho moja kama karani anayekagua noti bandia. Wa kwanza ni fundi wa chuma wa Kondele, hapa Kisumu. Wa pili ni dada mwenye saluni aliyenunua mashine ya kufuta tatuu. Wa tatu ni kijana wa kupiga video za harusi, na huyo hakuhofia macho yake, alihofia kamera. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kando ya barabara huku bodaboda zikinipigia honi, basi jibu ni hili: sijui. Hata wewe hujui. Weusi wa miwani haukwambii lolote kuhusu leza, na aliyekuuzia kwa kuusifu weusi huo ama hajui anachouza au anajua vizuri mno.

Nianze na fundi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kupofuka.

Amechomelea kwa umeme na elektrodi karibu miaka ishirini: mageti, vizimba vya samaki, fremu za matangi. Juzi alichangisha pesa na shemeji yake wakaagiza kutoka China mashine ya leza ya faiba ya kushika mkononi, ya wati 1,500. Nimeiona ikifanya kazi na sina neno. Inaunganisha stenlesi jinsi cherehani inavyopita kwenye kitambaa. Mshono mwembamba, hakuna kugonga mabaki, hakuna kupiga grainda nusu siku. Ndani ya kreti walikuta miwani ya kijani. Haina nambari, haina jina, haina hata karatasi. Kwa kuwa ni mtu makini, aliipima mwenyewe. Aliwasha mashine, nukta nyekundu ikatua mezani. Akavaa miwani. Nukta ikapotea.

"Si umeona, Mwalimu? Imekatwa."

Nilimwomba azime mashine, tukaketi juu ya debe.

Nukta nyekundu si leza inayochomelea. Ni mwali mdogo wa kuelekezea, uliowekwa pale ili fundi ajue moto utatua wapi. Mwali wenyewe wa kazi una urefu wa wimbi wa nanomita 1,070 au 1,080 hivi, nao ni infraredi, yaani uko nje ya kile jicho la binadamu linaweza kuona. Sisi huona kuanzia nanomita 400 hadi 700 na ushei. Kioo cha kijani humeza nyekundu. Ndiyo sababu kinaonekana kijani. Kwa hiyo jaribio lake lilithibitisha kwamba kitu cha kijani ni cha kijani. Alikuwa amepima kidole akasema ngumi imezuiwa.

Hapa ndipo watu wengi huniambia, "Lakini kama siuoni, si basi hauingii?" Unaingia. Konea, lenzi na maji ya jicho hupitisha mawimbi kuanzia nanomita 400 hadi 1,400, na kila kinachopita katika masafa hayo hukusanywa na kutua juu ya retina. Mboni iliyofunguka ina upana wa milimita 7. Mwali ulionyooka ukiingia humo, jicho huukusanya kuwa doa la maikromita 20 hivi, jembamba kuliko unywele. Piga hesabu ya eneo: ukali umezidishwa zaidi ya mara laki moja kabla hujajua kuna jambo. Leza ya kijani au nyekundu ikikupiga, angalau jicho hushtuka na kufumba ndani ya robo ya sekunde. Infraredi haikupi hata hiyo robo. Hakuna mng'ao, kope hazishtuki, mboni haisinyai, na retina haina mishipa ya maumivu. Mtu huendelea na kazi yake, kisha jioni anagundua kwamba katikati ya ukurasa wa gazeti pana wingu.

Sasa ongeza miwani nyeusi ya barabarani. Mbele ya macho pamekuwa giza, mboni inapanuka ili itafute mwanga. Umeufungua mlango. Na kama ile rangi nyeusi haizuii infraredi, umeufungulia mwali uleule uliotaka kuuzuia, ukiwa na raha moyoni kwamba umejikinga. Asiyevaa kitu hutazama pembeni kwa woga.

"Kama haizuii." Hilo ndilo jambo ambalo watu hawaamini mpaka walione. Basi lione. Chukua rimoti ya televisheni. Nyingi hutuma ishara kwa infraredi ya nanomita 940 hivi. Fungua kamera ya simu, ile ya selfi, maana ya nyuma mara nyingi imewekewa kichujio. Elekeza rimoti kwenye kamera, bonyeza, utaona taa ya zambarau ikipepesa ambayo macho yako hayaioni. Sasa weka miwani yako nyeusi kati ya rimoti na simu. Kwa miwani nyingi za plastiki, taa itaendelea kupepesa kana kwamba hukuweka kitu. Bado unabisha? Mimina soda nyeusi kwenye glasi nyembamba, uiweke katikati. Soda ambayo huwezi kuona kidole chako nyuma yake, rimoti inaona hadi ng'ambo.

Nilipofanya hivi mezani kwa fundi, vijana wake wawili waliacha kazi wakaja kusimama nyuma yetu. Mmoja alichukua soda akaitazama muda mrefu kana kwamba imemkosea.

Angalizo, kwa sababu najua mtakakoipeleka hii: jaribio la rimoti hukata upande mmoja tu. Taa ikipita, miwani yako haifai. Isipopita, bado hujathibitisha kitu. Taa ya rimoti ni unyonge mtupu ukilinganisha na wati 1,500, na kioo kinachomzuia mtoto asipite mlangoni si lazima kimzuie fahali.

Sababu ya maajabu haya iko hapo nje. Nenda Dunga wakati upepo umesukuma magugumaji hadi ufukweni, uangalie lile zulia. Jani ni la kijani kwa kuwa klorofili, ambayo ni molekuli ya kaboni yenye pete na chembe ya magnesiamu katikati, humeza nyekundu na buluu na kuacha kijani kirudi. Ukipita nanomita 700, klorofili haina habari. Jani lile lile linaloonekana zito na lenye kiza hurudisha infraredi kwa wingi, ilhali maji yanayolizunguka huimeza. Ndiyo maana setilaiti hupima kuenea kwa magugumaji kwa kutumia infraredi: kwa macho hayo, Ghuba ya Winam yenye magugu huonekana kama imemwagiwa unga.

Rangi za plastiki ni ndugu wa klorofili kwa tabia, na nyingine hata kwa umbo. Kila molekuli ya rangi hula mawimbi fulani na kuyapita mengine kama mtu aliyepita nyama ya ng'ombe akitafuta ngege. Mtengenezaji wa miwani ya jua huchanganya rangi kadhaa mpaka mwanga unaoonekana upungue sawasawa. Akifika hapo kazi yake imeisha, kwa sababu analipwa kwa kile unachokiona. Kinachotokea kwenye nanomita 1,070 hakumhusu. Mtengenezaji wa miwani ya leza hufanya kinyume kabisa. Hutafuta rangi inayokula wimbi moja kwa uchu wa kutisha na kuyaacha mengine yapite, huikoleza ndani ya polikabonati, na matokeo yake ni kioo ambacho chaweza kuwa cheupe kuliko miwani ya dereva wa matatu. Zipo miwani za leza za infraredi zinazopitisha zaidi ya nusu ya mwanga wa kawaida, nazo hupunguza mwali ambao zimetengenezewa kwa zaidi ya mara milioni moja. Ukizishika ukaziinua juani kama wale watatu, ungezirudisha dukani ukidai umeibiwa.

Nguvu hiyo huandikwa kwa herufi OD, na hesabu yake ni ya sifuri. OD 1 hupitisha sehemu moja kwa kumi. OD 4, moja kwa elfu kumi. OD 6, moja kwa milioni. Miwani ya jua iliyokolea ya kawaida hupitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga unaoonekana, yaani OD 1 hivi. Hata tukiifanyia hisani tuseme inapunguza infraredi kwa kiasi hicho hicho, wati 1,500 zinabaki 150. Kwa OD 6 inabaki sehemu moja na nusu kwa elfu ya wati. Kati ya 150 na 0.0015 hakuna neno "nyeusi kidogo" linaloweza kukusaidia.

"Basi nitavaa kioo cha kuchomelea," fundi akasema. "Kile nilichotazamia jua likipatwa."

Nilijua tutafika hapo. Jumapili ya Novemba 3, 2013, jua lilipatwa. Kivuli kamili kilipita kaskazini mwa Uganda na Turkana, na sisi huku Kisumu tukabakiwa na kipande chetu jioni. Mwenye kioo cha kuchomelea alikuwa mfalme wa mtaa, wengine wakitazama ndani ya beseni la maji na kupitia filamu za eksirei. Kuanzia siku hiyo kioo cha fundi kimepata heshima ya hirizi: kama kimeshinda jua, kitashindwa na nini? Heshima hiyo si ya bure. Kioo namba 10 hupitisha chini ya asilimia 0.03 ya mwanga unaoonekana, na kilipimwa pia kwa urujuanimno na infraredi ya moto wa elektrodi. Lakini moto wa elektrodi husambaa kila upande. Ukisimama mbali hatua moja, unakupata robo au nusu ya ule uliokupata karibu. Leza haisambai hivyo. Ikiruka kutoka kwenye stenlesi iliyong'arishwa, inaweza kuvuka karakana nzima ikiwa bado kali, ikatua mahali pamoja juu ya kioo. Kioo cha kuchomelea hakijapimwa kuona kama kitastahimili mwali huo au kitapasuka na kuupisha. Miwani ya leza iliyopimwa kwa kanuni ya Ulaya ya EN 207 hupigwa na mwali wenyewe kwa sekunde 5, na isipotoboka ndiyo hupewa namba. Sekunde 5 si za kutazama. Ni za kukimbia.

Na hizo kalamu za leza za kijani wanazouziwa watoto sokoni? Nyingi hutengenezwa kwa leza ya infraredi inayogeuzwa kuwa kijani kwa kipande cha fuwele, na katika zile za bei ya chini kichujio cha kuzuia mabaki ya infraredi huwa hakipo. Mwaka 2010 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza kalamu moja iliyotoa infraredi mara kumi ya kijani chake. Mwaka 2013 watu hao hao walipima kalamu 122, na karibu asilimia 90 ya zile za kijani hazikutimiza kanuni za usalama. Niliwahi kumwona mtoto upande wa Usoma akiielekeza kwa ndege iliyokuwa ikishuka juu ya maji, mama yake akicheka. Sikucheka. Rubani anayetua usiku hahitaji jicho lake lichomwe ili aanguke. Kupofushwa na mng'ao kwa sekunde chache kunatosha.

Sasa lile swali la pili, la watu waliosoma kidogo: "Kwani hakuna miwani inayojigeuza yenyewe?" Zipo za aina mbili madukani, na zote mbili ni werevu wa molekuli za kaboni, na zote mbili hazikusaidii hapa. Fotokromiki, zile zinazokolea ukitoka nje, zina rangi inayokunjuka ikipigwa na urujuanimno. Leza ya kijani haiikunjui, ya infraredi hata haiisalimu. Kukolea kwenyewe huchukua makumi ya sekunde, na joto huipunguzia makali, kwa hiyo mnunuzi wa Kisumu mchana wa Februari hapati hata kile alicholipia. Aina ya pili ni helmeti ya kuchomelea inayojitia giza. Ile ni kazi nzuri, fuwele za majimaji zinazogeuka ndani ya sehemu moja kwa 25,000 ya sekunde. Ni haraka sana kwa moto wa elektrodi. Lakini mashine ya dada wa saluni hupiga kwa mapigo ya nanosekunde chache. Ndani ya muda ambao helmeti hushtuka, pigo la nanosekunde 10 lingeweza kuingia na kutoka mara elfu nne.

Kitu ambacho kweli kinaweza kushindana na mwendo huo kipo, na ndicho hunifanya niipende kazi hii licha ya maswali yenu. Mwaka 1928 kule Grangemouth, Scotland, kiwanda cha rangi kilikuwa kikitengeneza kemikali nyeupe ndani ya mtungi wa chuma uliopakwa enameli. Enameli ilipasuka, chuma kikagusana na mchanganyiko, na mafundi wakakuta uchafu wa buluu unaokataa kuyeyuka. Uchafu huo uliitwa fthalosianini. Umbo lake ni pete inayofanana sana na ya klorofili na ya damu yako. Yenye shaba katikati ndiyo buluu unayoikuta mara nyingi kwenye mabeseni, wino na rangi za mabati. Huenda umeoga ndani yake leo asubuhi.

Tabia yake ya ajabu ni hii. Rangi ya kawaida hushiba. Kila molekuli ikimeza chembe moja ya mwanga hubaki imejaa kwa muda, na mwanga ukija kwa wingi ghafla, unawakuta walaji wote wameshiba, unapita. Ndiyo maana miwani ya leza ya kuwaka mfululizo si lazima ikufae kwa leza ya mapigo, na kanuni huziandikia herufi tofauti. Fthalosianini kadhaa, pamoja na mpira wa kaboni wenye chembe 60 uitwao fulerini, hufanya kinyume: zikishameza chembe ya kwanza, njaa huongezeka. Molekuli iliyoamshwa humeza kwa pupa kuliko iliyolala. Kwa mwanga wa mchana kioo chake ni wazi unaona. Pigo kali likija hukikoleza lenyewe, papo hapo, bila betri wala swichi, kisha kikarudi kuwa wazi. Fulerini ilionyeshwa ikifanya hivyo mwaka 1992. Fthalosianini yenye indiamu ilifuata kwa kishindo mwaka 1996. Na si habari za Wazungu pekee. Profesa Tebello Nyokong, mzaliwa wa Lesotho aliyechunga kondoo utotoni, amejenga katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, maabara ambayo jina lake halitengani na molekuli hizi. Wengi wanamjua kwa utafiti wa kutibu saratani kwa mwanga, uliomletea tuzo ya L'Oréal-UNESCO mwaka 2009. Maabara hiyo hiyo imechapisha kazi nyingi juu ya fthalosianini za kuzuia leza.

Kwa nini basi huzipati sokoni Kibuye? Kwa sababu njaa hiyo haiamki mpaka mwanga uwe mkali kupindukia. Mbele ya jicho tupu, mwali bado mpana. Unakuwa mkali ukifika kwenye retina, na huko huwezi kubandika kioo. Dawa ikifika, mgonjwa keshazikwa. Ndani ya darubini au kamera maalumu, ambako miale hukutana katikati kabla ya kufika kwenye sensa, unaweza kuweka kipande cha kioo hicho mahali pale hasa, na ndiko utafiti mwingi unakoelekea. Tena kwa leza inayowaka mfululizo, kama ya fundi wetu, molekuli hizi husaidia kidogo sana. Wati 1,500 ni nyingi kwa jumla, ila hazibanwi ndani ya nanosekunde. Kwa hiyo mtu akikuletea miwani "ya kisasa inayojizuia yenyewe kwa leza zote", mwulize inazuia nanomita ngapi. Akikujibu "zote", mrudishie.

Kijana wa harusi ndiye angefaidika, siku ikifika. Lenzi ya kamera hufanya kama ya jicho, na taa za leza za DJ zinapozunguka ukumbini, pigo moja likitua kwenye sensa huacha mstari. Nimeuona wake: mstari mwembamba wa zambarau unaopita juu ya shela la bibi harusi, juu ya keki, juu ya paji la mchungaji, picha baada ya picha. Aliniuliza kama angenunua kichujio cheusi cha kufungia mbele ya lenzi. Kichujio hicho hupunguza mwanga wote sawasawa. Angefungua kamera zaidi ili bibi harusi aonekane, na leza ingerudi pale ilipokuwa.

Kuhusu maziwa, yale ambayo watu hutia machoni baada ya kuchomelea, nitasema haraka kwa sababu nakasirika. Macho yanayowasha usiku baada ya kuchomelea kwa umeme ni konea iliyobabuliwa na urujuanimno, na konea hujiponya yenyewe ndani ya siku moja au mbili, ukiitia maziwa, viazi, au usipoitia kitu. Maziwa yamechukua sifa ya kazi ya mwili. Wakati mwingine huleta na vijidudu vyake. Retina iko nyuma kabisa ya jicho. Kitone chako hakifiki huko, na hata kingefika, kovu la retina halioshwi.

Mliokuja kwa ajili ya la kufanya, fuateni mbio. Soma kibati cha mashine: nanomita ngapi, wati ngapi, mfululizo au mapigo. Kisha tafuta miwani iliyochapwa nambari zinazolingana, nanomita pamoja na OD, au alama ya LB ya kanuni ya Ulaya ikiwa na herufi D kwa mfululizo. Angalia masafa yanafika kwenye wimbi lako. Iliyoandikwa 1,064 pekee usiichukulie kwamba inafika 1,080. Iwe na ubavu uliozibwa. Ikikwaruzwa sana au kupasuka, tupa. Usiiache kwenye dashibodi, jua hula rangi. Zungushia kazi uzio wa chuma uliopakwa rangi isiyong'aa, mabati mapya ni kioo. Wauza njugu na watoto wabaki nje. Wasaidizi nao wavae. Saluni: mashine za tatuu mara nyingi hutoa 1,064 na 532, miwani iwe ya zote mbili, mteja afunikwe macho kwa vikombe vya chuma vya kazi hiyo, si pamba. Mashine za kuchonga mbao za nanomita 10,600 ni habari tofauti: huunguza konea, na polikabonati iliyo wazi kabisa huzizuia, ila kifuniko kisifunguliwe. Mpiga video: zungumza na DJ, miale ipite juu ya vichwa, usielekeze lenzi kwenye chanzo. Ukihisi umepigwa, au umesikia mlio mdogo kama "pa" na doa likabaki, funika jicho moja utazame grili ya dirisha, kisha badilisha. Nondo zikipinda au kipande kikikosekana, nenda siku hiyo hiyo kwa daktari wa macho, hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapa mjini au Sabatia kule Vihiga, na useme neno "leza" mlangoni.

Fundi alinipigia simu usiku ule, saa tatu na kitu.

"Mwalimu, nimejaribu miwani zote za nyumba hii kwa rimoti. Yangu, ya mama watoto, ya shemeji. Zote zimeona."

"Na ile ya kijani?"

"Hiyo ndiyo imeng'aa kuliko zote." Akanyamaza. Nikasikia televisheni ikibadilishwa stesheni. "Sasa, Mwalimu. Nikivaa mbili?"

Tuseme moja inapitisha asilimia 90 ya infraredi. Mbili zinapitisha 81. Nilichukua kalamu nikaendelea kuzidisha huku akisubiri. Ili afike moja kwa milioni, angehitaji kuvaa miwani 132, moja juu ya nyingine.

"Mia na thelathini na mbili," akarudia polepole. Kisha akauliza ile yenye nambari inauzwa wapi.